Maswali na majibu: Kwa nini supu yangu ya uyoga mweupe na peasi haitoi ute?

SWALI: Habari za kazi, mpishi. Nasoma Beijing, na tangu Septemba hewa imekauka hadi midomo inapasuka na koo linawasha kila asubuhi. Wenyeji wamenishauri nipike supu tamu ya uyoga wanaouita yin'er pamoja na peasi. Nikipika napata maji matamu tu: uyoga unalia menoni, peasi zimevurugika, na supu imekuwa nyekundu yenye uchachu. Huwa naroweka uyoga usiku kucha, asubuhi natia kila kitu sufuriani pamoja na sukari, nachemsha dakika 40. Nakosea wapi? (Msomaji, Beijing)

JIBU: Salamu, ndugu msomaji. Karibu kila unachokosea kinatokana na muda: kipi kinaingia lini, na kinakaa motoni kiasi gani. Ila kuroweka usiku kucha ni suala la usalama wako, kwa hiyo naanza nalo.

Uyoga mkavu ukiachwa majini muda mrefu kwenye joto la chumba, unaweza kuota bakteria aitwaye Burkholderia gladioli, ambaye aina yake moja hutengeneza sumu ya asidi ya bongkreki. Sumu hiyo haina harufu wala ladha ya kukushtua, na kuchemsha hakuiondoi. Ndiyo iliyoua watu 75 Chitima, mkoani Tete, Msumbiji, Januari 2015, ikiwa ndani ya pombe ya kienyeji. China nako imeleta maafa kwenye uyoga uliokaa majini kupita kiasi na kwenye vyakula vya mahindi yaliyochachushwa. Basi roweka kiasi unachokwenda kupika saa hiyohiyo, kwa maji ya kawaida ya baridi, dakika 60 hadi 90. Ukisahau ukapita saa 4 nje ya friji, mwaga. Usijaribu kuuokoa kwa kuuosha. Maji ya moto nayo usiyatumie kuharakisha: uyoga huu una umbo la ua, na majani yake ya nje hulainika huku moyo wa ua hilo umebaki mkavu.

Sasa ute. Unatokana na sukari tata zilizofungwa ndani ya nyama ya uyoga wenyewe. Ili zitoke na kuyeyuka majini zinahitaji joto la muda mrefu na kingo nyingi za kutokea. Dakika 40 za moto wa kawaida, kwa vipande vikubwa, hazitoshi. Uyoga ukishavimba, ligeuze ua uone kitako cha manjano kilicho kigumu. Kikate chote kwa mkasi, kwa sababu hakiivi hata ukikichemsha mchana kutwa, na nadhani ndicho kinacholia menoni mwako. Kilichobaki kichane kwa vidole hadi vipande vilingane na ukucha wa kidole gumba. Watu wengi huona uvivu hapa wakaacha vipande vikubwa vya kupendeza macho. Hivyo vinafaa saladi, supu havifai.

Vipimo vya mabakuli 4: uyoga mkavu gramu 15, maji lita 1.8, peasi moja kubwa ya gramu 300 hivi, kunazi nyekundu kavu 6, goji (matunda madogo mekundu yaliyokaushwa) kijiko kimoja cha chakula, na sukari ya mawe gramu 40 hadi 50. Ukipenda, ongeza gramu 25 za mbegu kavu za yungiyungi, zile ziitwazo lianzi. Zipasue kwanza uangalie katikati. Ukikuta kichipukizi cha kijani kitoe, maana ni kichungu na kitaharibu sufuria nzima.

Tia uyoga kwenye maji baridi, washa moto mkali. Ukichemka, acha utokote kwa nguvu dakika 15, mfuniko ukiwa umeachwa wazi kidogo kwani supu hii hupanda na kumwagika ghafla. Koroga mara kwa mara. Msukosuko huo ndio unaoanza kuufungua uyoga. Kisha punguza moto hadi supu itoe viputo vidogo tu, tia mbegu za yungiyungi kama unazo, uache dakika 60 hadi 75. Kuanzia nusu saa ya mwisho koroga kila baada ya dakika 10 na ufikishe mwiko chini, kwa sababu ute ukishaanza kutoka hushika kitako cha sufuria na kuungua. Maji yakipungua sana ongeza ya moto, usiongeze ya baridi.

Dalili ya kuiva usiitafute kwenye saa. Inua upawa: matone yakivutika kabla ya kukatika, kama ya bamia, na kipande cha uyoga kikisagika kwa ulimi bila kutafunwa, tayari. Yakidondoka kama maji, endelea. Anayepika mahali pa mwinuko kama Nairobi, ambako maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, aongeze dakika 20 au zaidi.

Sukari hutiwa mwisho, ute ukishatoka. Ikiingia mapema hushindania maji na uyoga, nao hukawia kulainika. Isitoshe, utamu hupimwa vizuri supu ikishapungua. Peasi zina sukari yao, kwa hiyo onja kabla hujamaliza gramu 50.

Peasi zako zimevurugika kwa sababu zimekaa motoni tangu mwanzo. Zikate vipande vya sentimita 2 hadi 3, uzitie zikiwa zimebaki dakika 20. Hapo Beijing tafuta aina ya peasi iitwayo xueli au yali. Zote mbili zina maji mengi na nyama yake hustahimili moto. Peasi laini za kula mkononi hazifai.

Ule wekundu na uchachu ni wa goji iliyochemshwa kupita kiasi. Isuuze, itie dakika 5 za mwisho, basi. Kunazi huingia nusu saa kabla ya kuzima moto, zikiwa zimetolewa kokwa. Ukizichana sana nazo hutia supu rangi ya kahawia, jambo ambalo halidhuru ladha, ila kama unataka supu nyeupe punguza ziwe 3.

Ikiwa umefuata haya yote na bado maji ni maji, lawama ni ya uyoga. Uyoga wa zamani uliokaa dukani hutoa ute kidogo. Uliopaushwa kwa moshi wa kiberiti huwa mweupe wa kung'aa na harufu yake huchoma pua ukifungua mfuko, huo usinunue. Uyoga mzuri una rangi ya malai, umanjano kidogo, na harufu hafifu. Mwingi wa sokoni hutoka Gutian, jimbo la Fujian. Wa Tongjiang, jimbo la Sichuan, una sifa ya zamani na bei yake. Ukiona ulioandikwa chou'er, umeshakatwa kitako na huiva upesi zaidi. Unga wa mahindi wa kuifanya supu iwe nzito usitie kamwe. Utapata uzito, lakini huo si ute na mdomoni hauteremki vilevile.

Mwenye sufuria ya presha atumie maji lita 1.2, dakika 25 hadi 30 tangu presha ipande, kisha aiache ishuke yenyewe. Usijaze zaidi ya nusu, kwani povu lenye ute huziba vali. Peasi, sukari na goji vitiwe baada ya kufungua, bila mfuniko.

Kuhusu koo: tiba ya jadi ya Kichina huhusisha vuli na ukavu unaogusa mapafu, ndiyo maana vyakula vyeupe vya majimaji kama hivi hupikwa msimu huo. Ni chakula cha kulainisha koo, si dawa. Kikohozi kikipita wiki 2, au chenye damu, nenda hospitali. Mwenye kisukari aache sukari ya mawe kabisa na akumbuke kuwa peasi na kunazi nazo zina sukari. Anayeharisha asubiri, maana peasi hulegeza tumbo.

Ikibaki, ipoze na uiweke friji ndani ya saa 2, uimalize ndani ya siku 2. Itaganda kidogo ikipoa. Ipashe na kikombe nusu cha maji ya moto, na goji tia ile tu ya bakuli unalokunywa.