Kabla hujamsetia mgonjwa alamu ya dawa, muulize saa anazohesabu yeye

Mimi nipo famasi ya mtaani huku Mbagala, na tangu tuanze kutumia kompyuta na simu dukani kazi imekuwa nyepesi kweli, stoku naiona, dawa inayokaribia kuisha muda naijua mapema, daftari siligusi tena. Ila kuna mambo yameniumiza roho na wenzangu nataka myajue.

Alikuja bibi mmoja ana malaria, nikampa dawa mseto, vile vidonge 24, vinne kutwa mara mbili siku tatu. Dozi ya pili si inatakiwa masaa 8 baada ya ile ya kwanza, sasa ya kwanza kameza palepale kwenye benchi saa nne asubuhi, nikamwambia nyingine saa kumi na mbili jioni, mjukuu wake akaseti alamu. Mchana saa sita bibi ananipigia, "mwanangu simu imelia, nimeze?" Nilishtuka jamani! Kumbe mjukuu kaandika 12:00, na simu haijui saa zetu, kwake hiyo jioni ni 18:00. Asingepiga angemeza vinne vingine masaa mawili tu baada ya vya kwanza. Siku hizi alamu naseti mwenyewe, namwambia "itakulia jua likizama", anarudia kwa mdomo wake ndo namruhusu aende.

Kwenye programu ya mauzo nako, ukiandika MET zinashuka metformin, methyldopa, metoclopramide, metronidazole, zote zimefuatana, kidole kikiteleza kidogo tu mtu wa sukari anaondoka na dawa ya kuzuia kutapika. Andika jina lote, halafu muulize "mama unasumbuliwa na nini?" ulinganishe na kilichopo kwenye kioo.

Na hizi picha za vyeti vya dawa wateja wanazotutumia WhatsApp, mwandiko usiposomeka usibahatishe, mpigie aliyeandika. Ukishaingiza kwenye rejista, ifute hiyo picha, nawaomba sana, simu ya duka inashikwa na kila mtu na kuna wateja wana maradhi hata nyumbani hawajasema, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inatuhusu na sisi. Mimi nafuta kila jioni kabla sijafunga, kisha naingia na kule kwenye picha zilizofutwa nazitoa tena, maana simu nyingi huwa zinazihifadhi humo siku kadhaa.