Unayeanza kuandika hadithi ya fumbo la jumba la Kiingereza: anza na funguo

Miswada ya waandishi wapya ninayopewa niipitie hufanana: ukungu, bundi, mlango unaolia kwa kutu, na jumba la upweke mashambani Uingereza, enzi za Malkia Victoria. Sura ya pili haijaisha, mzimu umeshatokea mara tatu na msomaji anapiga miayo. Ukungu uache kwanza. Chora ramani ya nyumba, uandike nani ana funguo zipi.

Jumba la namna ile lilikuwa nyumba mbili ndani ya moja. Mabwana walipita ngazi kuu, watumishi ngazi ya nyuma, wakiitwa kwa kengele za waya. Kijakazi anayewasha moto alfajiri hujua kitanda gani hakikulaliwa. Msimamizi wa nyumba, na kitita chake cha funguo kiunoni, hujua kabati gani limeguswa. Wape hao macho, hata kama hawana ruhusa ya kusema.

Kisome kisa cha kweli cha Road Hill House, Wiltshire. Usiku wa kuamkia tarehe 30 Juni 1860, Saville Kent, mtoto ambaye hajatimiza miaka minne, alitolewa kitandani akauawa; mwili ukakutwa katika choo cha nje. Nyumba ilikuwa imefungwa usiku ule, na asubuhi dirisha la sebuleni likakutwa wazi. Mpelelezi Jack Whicher wa Scotland Yard, makao makuu ya polisi wa London, aling'ang'ania jambo dogo: gauni la kulalia lililoandikwa kwenye orodha ya nguo za dobi, lakini halionekani. Akamshuku mwenye gauni hilo, Constance, dada wa kambo wa marehemu, msichana wa miaka 16. Watu walikasirika. Askari wa kawaida anapekua nguo za binti wa watu! Msichana akaachiwa, jina la Whicher likachafuka. Mwaka 1865 Constance akakiri mwenyewe. Kwangu mimi, orodha ile ya dobi inatisha kuliko mzimu wowote.

Jambo jingine: ukishataja mwaka, mwaka utakubana. Kabla ya sheria ya 1882 ya mali ya wanawake walioolewa, mali ya mke kwa sehemu kubwa ilikuwa mikononi mwa mume, kwa hiyo ndoa na mwanamke tajiri inaweza kubeba sababu ya mauaji bila wosia wa siri. Sumu ya aseniki nayo, tangu 1851 muuzaji alitakiwa kuandika jina la mnunuzi kitabuni. Mwuaji wako aliipataje? Jibu hilo pekee lina sura nzima ndani yake.

Na angalia saa, sisi wa ikweta hapa ndipo tunapoumbuka. Kusini mwa Uingereza jua la Desemba huzama karibu na saa kumi jioni. La Juni, kwa saa za enzi hizo, kabla saa hazijaanza kusogezwa mbele wakati wa kiangazi, lilikaa hadi kupita saa mbili usiku. Mtu akinyemelea bustanini Juni saa moja na nusu, mtunza bustani atamwona vizuri tu.