Bodi yangu ni ya ukoo gani?

SWALI: Mwalimu, habari ya kazi. Nina bodi ya Orange Pi PC, kompyuta ndogo, inayopima joto kwenye banda la kuku la shangazi, huku Jinja. Kerneli ya Linux, kiini cha mfumo, naitengeneza mwenyewe, kisha skripti yangu inachota faili la bodi linaloiambia kerneli vifaa vilivyopo, sun8i-h3-orangepi-pc.dtb, kutoka folda ya arch/arm/boot/dts. Juzi nimehamia kerneli 6.6, skripti inasema faili halipo. Nimeanza upya mara tatu. Bodi yangu imeachwa? Halafu, nikiandika faili langu mwenyewe la vifaa nilivyoongeza, niliite nani? — Msomaji, Jinja

JIBU: Haijaachwa, mwanangu, imehama tu. Tangu toleo la 6.5 la Agosti 2023, mafaili ya bodi zenye chipu za aina ya ARM za biti 32 yamegawanywa katika folda za watengenezaji wa chipu. Lako liko ndani ya allwinner, palepale chini ya dts. Kabla ya hapo mafaili zaidi ya elfu moja yalirundikana folda moja, kama kituo cha teksi cha Old Taxi Park kwa mtu aliyeshuka Kampala leo asubuhi na hajui steji yake. Bodi za biti 64 zilipangwa kwa watengenezaji tangu zamani, ndiyo maana wenye bodi hizo hawakupata taabu yako.

Unaweza kubadilisha njia kwenye skripti, ila mimi nisingefanya hivyo. Acha kuchota kwa mkono. Tumia amri ya make dtbs_install, na katika INSTALL_DTBS_PATH utaje folda unayotaka. Waliohamisha mafaili walikumbuka watu kama wewe: kwa ARM ya biti 32, amri hiyo huyaweka yote mahali pamoja bila folda za watengenezaji, kama zamani.

Sasa jina. Nilikuwa na bodi moja karakanani, faili lake la chanzo, linalozaa .dtb, nikaliita bodi-mpya2.dts. Mpya kwa nani? Baada ya mwaka nikaliweka kwenye kadi ya bodi nyingine, nikaunganisha waya wa siriali wa kusomea ujumbe wa bodi, nikasoma "Starting kernel ..." halafu kimya. Nilibadilisha kadi, nikabadilisha chaja, nikailaumu hata kerneli yenyewe. Jioni nzima ilipotea kwa sababu jina halikuniambia chipu ni ipi.

Desturi ni chipu kwanza, bodi baadaye. Ukikutana na Muganda, jina lake hukuambia ukoo kabla ya kukuambia baba. Ndugu wawili wa tumbo moja wanaweza kuwa na majina yasiyofanana, na ukoo ukabaki mmoja. Soma la kwako hivyo: sun8i ni familia ya Allwinner, h3 ni chipu, orangepi-pc ni bodi. Orange Pi Zero ni sun8i-h2-plus-orangepi-zero. Ukiyapanga kwa alfabeti, ndugu wanakaa pamoja.

Koo nazo zina ugomvi wake. Raspberry Pi 3 kwenye kerneli kuu ni bcm2837-rpi-3-b, lakini kwenye kerneli ya Raspberry Pi wenyewe ni bcm2710-rpi-3-b. Kerneli kuu imetaja chipu, Raspberry Pi wametaja familia yake. Bodi ni ileile. Nimeona vijana wakibadilisha jina la faili kwa nguvu ili lifanane na walilosoma mahali, kisha bodi ikakataa kuwaka. Kerneli yenyewe haijali jina la faili. Anayejali ni programu ya kuwashia. U-Boot, kwa mfano, husoma jina hilo kwenye kigezo cha fdtfile.

Kerneli inasoma mstari wa compatible ulio ndani ya faili, unaotaja bodi na chipu, na humo mpangilio unageuka: bodi hutangulia, chipu hufuata, kila moja ikiwa na mtengenezaji wake kabla ya mkato. Wako unasema "xunlong,orangepi-pc" kisha "allwinner,sun8i-h3". Usiweke jina la shangazi kabla ya mkato huo; watengenezaji wanaotambuliwa wana orodha yao katika faili la vendor-prefixes.yaml.

Kwa kuwa umeongeza kipima joto tu, usiandike faili jipya la bodi nzima. Andika nyongeza, faili dogo linalobandikwa juu ya lile la bodi. Chanzo chake huishia na .dtso na kikishatengenezwa huwa .dtbo. Iite sun8i-h3-orangepi-pc-kuku.dtso, mimi sicheki. Tumia vistari vya kati (-) katika jina la faili na majina ya nodi, yaani vifungu vya kila kifaa ndani ya faili. Vistari vya chini (_) viache kwa lebo, majina ya kuitia nodi kutoka kwingine, kwa sababu lebo haikubali cha kati. Zile za .dtsi, ukikutana nazo, ni vipande vya pamoja ambavyo mafaili ya bodi huviita ndani yao. Hazitengenezwi peke yake.

Bodi ikishawaka, andika cat /proc/device-tree/model. Ikijibu "Xunlong Orange Pi PC", faili ni lenyewe. Ikijibu jina jingine, zima, toa kadi, urudi kwenye fdtfile.