Presha ya Ukoo: Anza Kupima Kabla Hujaugua

Upande wa mama yangu, presha haijaruka nyumba. Bibi alipooza mkono baada ya kiharusi, mama anameza dawa kila asubuhi, wajomba hali kadhalika. Ndiyo maana huniuma nikisikia wadogo zangu wakisema, "Hii ni ya ukoo, tutafanyaje?" Yapo ya kufanya, tena mengi.

Tunachorithi ni wepesi wa kuipata. Watafiti wameshatambua sehemu zaidi ya 1,000 za vinasaba zinazohusiana na presha, na karibu kila moja ikiwa peke yake huipandisha kidogo mno. Shida ni zikikusanyika nyingi kwa mtu mmoja. Kuna pia ugonjwa adimu uitwao Liddle: jeni moja ikiharibika, figo hung'ang'ania chumvi na presha hupanda tangu ujanani. Kwa hiyo ukikutwa na presha kabla ya miaka 30, mwombe daktari aitafute sababu, maana ugonjwa kama huo una dawa yake mahususi.

Lakini utafiti ninaowasimulia ndugu zangu kila mara ni wa Kenya, uliochapishwa 1990. Waluo waliohama vijijini magharibi mwa nchi kwenda Nairobi walifuatiliwa pamoja na wenzao waliobaki nyumbani. Haikuchukua hata mwaka, presha ya waliohama ikawa juu zaidi, na mkojo wao ulionyesha wanakula chumvi nyingi kuliko wa kijijini. Vinasaba ni vilevile. Maisha ndiyo yaliyogeuka.

Basi kwetu chumvi haikai tena mezani. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai, ukihesabu na iliyomo kwenye mkate na viungo vya pakiti. Mama akipima, hukaa kimya dakika tano, mgongo umeegemea, miguu chini, mkono usawa wa moyo. Ikisoma 140/90 au zaidi kwa siku tofauti, ni kliniki moja kwa moja. Dawa haachi kwa kuwa anajisikia vizuri, kwani presha haina kawaida ya kuuma.

Na mketi na wazee wenu. Waulizeni nani alianguka ghafla, nani aliugua figo, na alikuwa na umri gani. Yaandikeni, mwende nayo kwa daktari.