Titi la mfano la kufundishia sindano: jelatini inatosha, ila kwa kazi moja tu

Mwalimu, umeuliza kama titi la jelatini la kutengeneza mwenyewe linafaa kuwafundishia wanafunzi kuchoma sindano kwa kuongozwa na ultrasaundi (mashine ya picha za mawimbi ya sauti), na kama mnaweza kupimia usahihi wa mashine yenu kwalo. La kwanza ndiyo, la pili hapana.

Tumia jelatini isiyo na sukari wala ladha, gramu 100 hivi kwa lita ya maji. Ikiwa tupu, kwenye skrini inatoka nyeusi tii. Koroga humo kijiko cha isabgol, yale maganda ya famasi ya wenye kufunga choo, ndipo upate ule ukungu wa kijivu wa nyama. Povu lote engua. Hewa ndiyo adui wako mkubwa.

Mimina nusu, igande kwenye friji, weka vivimbe, kisha malizia na jelatini vuguvugu, la sivyo tabaka la chini litayeyuka. Kidole cha glavu kilichojazwa maji bila hewa kitaonekana kama uvimbe wa maji: cheusi, na nyuma yake pameng'aa. Uvimbe mgumu ninaupendelea wa jelatini nzito, uliokatwa ovyoovyo, maana saratani mara nyingi haiji na kingo laini.

Alama za sindano hazifutiki. Yeyusha umimine upya. Baada ya siku chache litaoza.

Mashine inakadiria umbali kwa kasi ya sauti ya mita 1,540 kwa sekunde. Jelatini ya jikoni haina uhakika huo, kwa hiyo vipimo vyake visikuhukumie mashine. Hapo azimeni kifaa cha kupimia mashine kilichothibitishwa.