Mbwa wa Pwani Kwenye Baridi ya Winnipeg

SWALI: Daktari, ninaishi Nyali na nina mbwa wa kienyeji wa miaka saba, mwenye manyoya mafupi. Januari ijayo tunahamia Winnipeg, Kanada, kikazi. Rafiki amenishauri nikifika nimlaze nje kidogo kidogo ili azoee baridi. Je, ni sawa? Nitajuaje kwamba baridi imemzidi?

JIBU: Ndugu msomaji, ushauri huo ninakuomba usiufuate. Mbwa wako hajui baridi zaidi ya kipupwe chetu, ambacho ni nadra kushuka chini ya nyuzi 20 za Selsiasi, ilhali usiku wa Januari huko Winnipeg hufika mara nyingi nyuzi 20 chini ya sifuri. Mbwa wa nchi za baridi huota manyoya mazito ya ndani kadiri mchana unavyofupika, na kazi hiyo ya mwili huchukua wiki nyingi. Wako atafika baridi ikiwa imekwisha kupamba moto, na kwa kuwa kwa maumbile ana manyoya mafupi, hata mwaka utakaofuata hatakuwa na kinga ya kutosha. Alale ndani, mbali na upepo wa mlangoni, juu ya tandiko lililoinuliwa kidogo kutoka sakafuni.

Nje atoke kwa haja, kwa dakika chache tu, akiwa amevaa koti linalofunika kifua na tumbo. Koti likilowa mvue mara moja, kwa sababu unyevu na upepo huondoa joto mwilini upesi kuliko baridi kavu. Usimwache ndani ya gari lililozimwa, ambalo hupoa haraka mno.

Dalili za mwanzo ni kutetemeka, kujikunyata, kuinua mguu mmoja baada ya mwingine na kugeuka kurudi nyumbani. Umwonapo hivyo, mwingize ndani. Ninalotaka ulishike zaidi ni hili: mbwa aliyepoa sana akiacha kutetemeka, akaanza kupepesuka au kusinzia, hajapata nafuu, bali mwili umeishiwa nguvu za kujipasha joto. Joto la kawaida la mbwa, likipimwa njia ya haja kubwa, ni kati ya nyuzi 38 na 39 na kidogo. Likishuka chini ya 37, mkaushe, mfunike blanketi, mwekee kifuani na tumboni chupa za maji ya vuguvugu zilizofungwa taulo, kisha umpeleke kwa daktari wa mifugo. Usimsugue wala usimtie katika maji ya moto. Ncha za masikio, mkia na vidole zikiwa baridi, ngumu na zimepauka, huenda zimeganda, na madhara yake huweza kuonekana baada ya siku kadhaa.

Kuna hatari nyingine ambayo wenyeji wa pwani hatuifikirii. Magari ya huko hutiwa kwenye rejeta maji yenye dawa ya kuzuia kuganda, ambayo nyingi hutengenezwa kwa ethilini glikoli. Ni tamu, na mbwa huilamba inapovuja, lakini kiasi kidogo tu huharibu figo na kuua. Mwanzoni mbwa huonekana kama mlevi, kisha huweza kuonekana amepona, hali figo zinaendelea kuharibika. Kwa hiyo ukishuku tu kwamba ameilamba, mkimbize hospitali saa ileile, maana dawa yake hufaa zaidi ikitolewa mapema, ndani ya saa chache. Chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu nayo huunguza nyayo na humdhuru akiilamba, basi kila mrudipo mwoshe miguu kwa maji ya vuguvugu na umkaushe hadi katikati ya vidole.

Kabla ya safari, apimwe moyo, figo na sukari, kwa kuwa mwenye maradhi hayo huhimili baridi kwa shida zaidi. Mnunulie pia viatu vya mbwa visivyobana, kwani vinavyobana huzuia damu kufika vidoleni, na uanze kumzoesha kuvivaa humo nyumbani Nyali, kwa muda mfupi kila siku.