Je, Agano Jipya limefuta agano la Mungu na Israeli?

SWALI: Bwana Yesu asifiwe, mchungaji. Kwenye kikundi chetu cha kujifunza Biblia tumegawanyika. Wengine wanasema Agano la Kale limefutwa, Kanisa ndilo Israeli sasa, na Wayahudi hawana tena nafasi yoyote kwa Mungu. Wengine wanasema Mkristo lazima ashike sikukuu za Torati, na kwamba asiyeiunga mkono nchi ya Israeli amejiletea laana ya Mwanzo 12:3. Pande zote mbili zinagombania Waebrania 8:13. Tushike lipi?

JIBU: Amina, mpendwa. Ugomvi wenu unaanzia kwenye jina lenyewe, "Agano la Kale", maana watu hulitumia kwa mambo matatu. Kuna vitabu vya Agano la Kale, 39 kwa Waprotestanti na 46 kwa Wakatoliki. Kuna agano la Sinai, lililofanywa kwa mkono wa Musa. Na kuna ahadi kwa Ibrahimu, ambayo Paulo anasema ilitangulia Torati kwa miaka 430 na Torati haikuweza kuitangua (Wagalatia 3:17). Waebrania 8:13 inaposema la kwanza limekuwa kuukuu, uliza kwanza: la kwanza lipi?

Anayedhani ni vitabu, ataacha kumsoma Isaya. Mwalimu mmoja aitwaye Marcion alifika huko katika karne ya 2. Aliyakataa maandiko ya Kiebrania yote, na kanisa la Roma likamtenga mwaka 144. Wala hakuweza kuishia hapo: ilimbidi aikate hata Injili ya Luka, kwa sababu Agano Jipya limefumwa na la Kale, ukivuta uzi mmoja na mwingine unakatika. Na anayedhani kilichochakaa ni ahadi ya Ibrahimu anakata tawi alilokalia mwenyewe, kwa kuwa sisi tusio Wayahudi tunaingia kwa ahadi hiyo hiyo: "Na kama ninyi ni wa Kristo, basi, mmekuwa uzao wa Ibrahimu" (Wagalatia 3:29).

Tofauti ya agano la Ibrahimu na lile la Sinai inaonekana jinsi yalivyofungwa. Katika Mwanzo 15 Ibrahimu anatwaa ndama, mbuzi mke na kondoo mume, kila mmoja wa miaka mitatu, pamoja na hua na mwana wa njiwa. Wanyama anawapasua vipande viwili na kuvipanga vikielekeana, ndege hawapasui. Ndiyo maana Kiebrania kwa kawaida husema "kukata" agano. Anayepita katikati ya vipande anajiapiza: nikivunja, na niwe kama hawa. Sasa tazama nani anapita. Ibrahimu amelala usingizi mzito. Tanuru ya moshi na mwenge unaowaka ndivyo vinavyopita, yaani Mungu peke yake amejifunga kwa kiapo.

Sinai ni tofauti. Katika Kutoka 24 Musa anaitia nusu ya damu katika mabakuli, nusu anainyunyiza juu ya madhabahu. Kisha anasoma kitabu cha agano, watu wanajibu kwamba yote aliyonena BWANA watayatenda, na ndipo ile damu ya mabakuli inanyunyizwa juu yao. Hapa wote wawili wamefungwa. Musa akapanda mlimani siku 40, na kabla hajashuka ndama wa dhahabu alikwisha kusimama kambini.

Basi Yeremia 31:31-34 haiachi nafasi ya kubahatisha. BWANA anaahidi agano jipya "na nyumba ya Israeli, na nyumba ya Yuda", na katika mstari wa 32 anataja ni lipi halitafanana nalo: lile alilolifanya na baba zao siku alipowashika mkono kuwatoa Misri, ambalo walilivunja. Hilo ni la Sinai. Waebrania 8 inanukuu maneno hayo kwa urefu, kisha sura ya 9 na ya 10 zinaeleza kilichochakaa: ukuhani wa Lawi, hema, damu ya mafahali na mbuzi. Mapungufu hayakuwa kwamba Mungu alikosea kutoa Torati. Sheria iliandikwa kwenye mawe, na mioyo ilibaki ile ile. Kwa hiyo ahadi mpya ni kuandika sheria moyoni na kutokukumbuka dhambi tena. Yesu aliposhika kikombe na kusema "agano jipya katika damu yangu" (Luka 22:20), Wayahudi waliokaa naye mezani walisikia Kutoka 24 na Yeremia 31 kwa pamoja.

Nakuomba usiupite haraka ule mstari wa 31 wa Yeremia 31. Agano jipya liliahidiwa kwa Israeli. Mitume walikuwa Waisraeli. Kanisa la kwanza Yerusalemu lilikuwa la Wayahudi, na swali lililowatoa jasho katika Matendo 15 lilikuwa hili: mataifa wataingiaje? Leo tumeligeuza, tunauliza kama Wayahudi bado wana nafasi! Warumi 11 inatukemea kwa mfano wa mzeituni. Kwa kawaida mkulima hupandikiza chipukizi la mzeituni mwema kwenye shina la mwitu. Paulo anaupindua utaratibu huo kwa makusudi, na anasema wazi ni "kinyume cha asili": sisi ni tawi la mwitu tuliyewekwa kwenye mzeituni mwema. Shina halikung'olewa likapandwa jingine. Matawi mengine yalikatwa kwa kutokuamini, na Mungu aweza kuyarudisha. "Si wewe ulichukuaye shina, bali ni shina likuchukualo wewe." Fundisho la kwamba Kanisa limewarithi Wayahudi kana kwamba wamekufa limezaa dharau na mateso ya karne nyingi, na ni dhambi ya kutubiwa.

Kuhusu "Israeli wote wataokoka" (11:26), wengine huona ni Kanisa lote, wengine ni Wayahudi wanaomwamini Kristo katika vizazi vyote, wengine ni kugeuka kwa taifa hilo mwishoni. Mimi nasimama na hili la mwisho, kwa sababu mstari wa 25 unawataja Israeli waliopatwa na ugumu. Ni vigumu neno hilo hilo kubadilika maana mstari mmoja mbele. Ila wanaokokaje? Kwa Mkombozi yule yule. Paulo hajui mlango wa pili.

Sasa sikukuu. Kumbukumbu la Torati 16 inaagiza Pasaka ichinjwe mahali BWANA atakapopachagua tu, na wanaume wahudhurie hapo mara tatu kwa mwaka. Hekalu liliteketezwa mwaka 70, hivyo hakuna anayeweza kuishika Pasaka kama Musa alivyoagiza. Wayahudi wenyewe huiadhimisha bila mwana-kondoo wa dhabihu. Mkristo anayesema ameishika "kama ilivyoandikwa" hajaisoma mpaka mwisho. Matendo 15 haikuwatwika mataifa tohara wala sikukuu. Iliwaagiza wajiepushe na mambo manne: vitu vilivyotolewa kwa sanamu, damu, vilivyosongolewa na uasherati. Wakolosai 2:16-17 inaziita sikukuu na sabato kivuli. Ukitaka kuikumbuka Pasaka ili ujifunze, fanya kwa uhuru. Ukimhukumu ndugu asiyeikumbuka, umevuka mpaka.

Na Mwanzo 12:3? Ilisemwa kwa Ibrahimu, na Paulo anaufasiri mwisho wake kwamba ni Injili iliyohubiriwa mapema, mataifa yote kubarikiwa (Wagalatia 3:8). Dola ya Israeli iliyotangazwa mwezi Mei 1948 ni serikali kama serikali nyingine, na Wakristo wacha Mungu wanatofautiana kama kuanzishwa kwake ni kutimia kwa unabii. Kuipima kwa haki si kulaani uzao wa Ibrahimu. Nabii Amosi aliwaambia Israeli wazi kwamba wamewauza maskini kwa jozi ya viatu, na hakuna aliyempenda Israeli kuliko manabii kama yeye. Mpalestina aliyebatizwa naye ni tawi kwenye mzeituni ule ule.

Kikundi chenu kisome Yeremia 30 hadi 33 kwa kikao kimoja, Waebrania 8 hadi 10 kikao cha pili, na Warumi 9 hadi 11 cha tatu, bila kuruka. Kila mnapokutana na neno "agano", andikeni pembeni: na nani, kwa sharti gani, kwa ishara gani. Na mnapofika Warumi 10:1, simameni mwombe, maana hapo Paulo mwenyewe anaomba Israeli waokolewe.